Mgeni wa Kulipa Shambani: Ruhusa Zipi Zatakiwa?

Tangu kumalizika msimu uliopita, wanachama wengi wamefika ofisini kwetu, na wengine wametuandikia barua, kuuliza jambo moja: je, mtu mwenye nyumba ya ziada shambani, au vyumba viwili vitatu visivyolaliwa, aweza kuvikodisha kwa wageni wa siku chache? Na ikiwa aweza, ruhusa gani zatakiwa, na aanzie wapi?

Swali hili ni la maana, wala hatustaajabu kuulizwa. Kila mkulima aijua tabia ya mkarafuu. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama na wachumaji wakawa hawatoshi. Mwaka wa pili hauna kitu cha kutajika, na mwenye shamba hukaa akingoja. Lakini ada za skuli hazingoji, wala paa linalovuja halingoji. Na wageni nao waja Pemba mwaka hata mwaka, kutazama msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali, na magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini. Na wengi wao hupenda kuiona karafuu yenyewe ikiwa juu ya mti. Mtu mwenye chumba safi akiwaona wanapita njiani, si ajabu akaona kuwa riziki yake yampita mlangoni.

Tena kulaza wageni si jambo jipya kwetu. Msimu ukifika, wachumaji hutoka vijiji vya mbali wakapiga dago mashambani mwetu, tukawapa mahali pa kulala, maji na kuni. Lakini mchumaji wa dago ni mtu wa kazi, halipii chumba. Pale mtu anapotoa fedha ili alale, hata kwa usiku mmoja, na hata kama chumba ni kile kile, sheria humhesabu mwenye nyumba kuwa amefungua biashara ya malazi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kulipa hapewi jembe; hupewa stakabadhi, na stakabadhi ina mambo yake.

Kwa hiyo tumeona yafaa tuyaeleze mambo hayo hapa kwa utaratibu, ili mwanachama asije akafahamu baada ya kuharibikiwa.

YALIYOMFIKA MWENZETU

Mwanachama mmoja ametupa ruhusa tueleze khabari yake, kwa sharti tusimtaje jina wala kijiji chake. Bwana huyu ana nyumba ya mawe katika shamba la marehemu baba yake. Mwaka ambao karafuu hazikuzaa, aliipiga nyumba chokaa, akanunua vitanda viwili na vyandarua, akatengeneza choo. Kijana mmoja wa mjini akampigia picha nyumba ile na kuitangaza katika intaneti. Wageni wa kwanza wakaja, mume na mkewe, wakalala siku nne, wakaondoka wamefurahi. Wakaja wa pili.

Walipokuja wa tatu, mmoja wao akashikwa na homa usiku wa manane. Bwana huyu alifanya uungwana wote: alitafuta gari, akampeleka mgonjwa hospitali, akakaa naye mpaka asubuhi. Lakini asubuhi ile maswali yakaanza. Mgeni huyu ni nani, ameingia lini, amelala wapi, nani anayemjua? Hapakuwa na daftari. Sheha hakuwa na khabari. Leseni haikuwapo. Nyumba ikafungwa siku hiyo hiyo.

Hilo lingaliweza kutengenezwa. Lililo zito lilikuja nyuma yake. Dada yake, ambaye ameolewa mkoa mwingine, aliposikia kwamba nyumba ya baba yao imeingiza fedha za wageni mara tatu na yeye hakuambiwa neno, alikuja kudai fungu lake. Naye alikuwa na haki, kwani mirathi ile haikupata kugawanywa. Kaka mdogo akaungana na dada. Wakawa hawasemezani. Msimu uliofuata, mikarafuu ya shamba lile ilipokuwa tayari, hapakuwa na mtu mwenye idhini ya wote ya kuleta wachumaji, na walipopatikana karafuu nyingi zilikuwa zimekwisha kuchanua mitini. Kila mkulima ajua karafuu iliyochanua ina thamani gani mbele ya mizani.

Fedha za mgeni wa siku tisa zikala karafuu za mwaka mzima. Tumeieleza khabari hii kwanza kwa sababu moja: watu wengi hudhani ruhusa ya kukodisha nyumba huanzia ofisi ya utalii. Sivyo. Huanzia nyumbani.

KWANZA: NYUMBA NI YA NANI?

Kabla hujanunua kitanda, jiulize: mali hii ni yangu peke yangu? Ikiwa ni ya mirathi ambayo haikugawanywa, kila mrithi ana fungu lake humo, mume na mke, mwana na binti, aliyepo kisiwani na aliyeko Unguja, Dar es Salaam au Maskati. Kukaa wewe ndani na kupalilia hakukufanyi kuwa mwenyewe pekee. Waiteni warithi wote, andikeni kwa karatasi nani atasimamia nyumba, fedha zitagawanywaje, na gharama atazitoa nani. Watieni saini wote mbele ya mashahidi. Ikiwa hamkubaliani, au yuko mrithi aliye mtoto mdogo, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkashauriwe, na mirathi igawanywe kwanza kama ilivyo sharia.

Ikiwa nyumba ni ya wakfu, jambo ni jengine kabisa. Mali ya wakfu haina mwenyewe wa kuikodisha apendavyo, bali ina msimamizi, na kodi yake ina njia yake iliyowekwa na aliyeiweka wakfu.

PILI: ARDHI NI YA NAMNA GANI?

Katika visiwa vyetu mikarafuu yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyoko chini yake ikawa ya mwingine. Desturi hii twaizoea hata hatuioni tena, lakini siku mtu anapotaka kujenga kibanda cha wageni katikati ya mikarafuu ndipo huonekana. Mwenye miti si lazima awe mwenye mahali pa kujenga.

Kadhalika wako wanachama wetu wengi ambao mashamba yao ni ya eka tatu, yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ardhi hiyo ilitolewa kwa ajili ya kilimo, haikutolewa kwa kujengwa nyumba za kukodisha. Na kwa Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Basi mwenye eka tatu asianze msingi wa jengo lolote kabla hajakwenda Kamisheni ya Ardhi na karatasi zake, akauliza kwa maandishi kama matumizi hayo yaruhusiwa, na akajibiwa kwa maandishi. Jibu la mdomo halimsaidii mtu siku ya kesi.

Jengo jipya lataka pia kibali cha ujenzi, na yapasa kuuliza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, yaani ZEMA, kama mradi wako wahitaji kutazamwa na wao. Na hapa twasema kwa nguvu: usikate mkarafuu ili upate nafasi ya ukumbi au njia ya gari. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 inaulinda mti huo, na mwenye kuukata bila ya kibali anatenda kosa, hata kama aliupanda kwa mkono wake.

Wale walio na nyumba za urithi katika Mji Mkongwe wa Unguja wajue kuwa mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Huwezi kutoboa dirisha, kubadilisha mlango wala kuongeza ghorofa kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

TATU: SHEHA NA MAJIRANI

Mtu wa kwanza wa Serikali kumwendea ni Sheha wako. Yeye ndiye atakayeulizwa ni nani walioko katika shehia, naye hapendi, kama wewe usivyopenda, kuulizwa asilolijua. Mweleze nia yako, idadi ya vyumba, na nani atakayekaa na wageni usiku.

Kisha zungumza na majirani. Hawa hawatoi leseni, lakini wao ndio watakaoishi na biashara yako. Wageni watapita njia ipi? Watavaa nini wakipita mbele ya skuli na msikiti? Watapiga picha wachumaji bila ya kuwauliza? Andika karatasi moja ya maneno machache, uibandike chumbani, yenye kueleza desturi zetu kwa upole. Mgeni aliyeelezwa huheshimu. Asiyeelezwa hukosea bila ya kujua, na lawama humrudia mwenyeji. Ama pombe, hiyo ina leseni yake ya peke yake, na mtu asidhani leseni ya kulaza wageni yaruhusu kuuza pombe.

NNE: LESENI

Sasa ndipo tufike ofisini. Biashara isajiliwe kwanza kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, unaoitwa BPRA, kwa jina lako au la kampuni au la ushirika mliouunda. Ndugu walio wengi katika nyumba moja wafikiri sana juu ya kusajili kwa pamoja, kwani hilo huzuia ugomvi tuliousimulia.

Kisha ni Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Sheria ya Utalii Nam. 6 ya mwaka 2009 iliipa Kamisheni kazi ya kusajili, kutoa leseni, kukagua na kupanga madaraja ya nyumba zote zinazolaza watalii, na haikuwatoa wenye vyumba viwili shambani. Mtu asiseme, mimi si hoteli. Sheria haihesabu ghorofa. Hutazama kama mgeni amelipa.

Mkaguzi akija, aghlabu atatazama mambo yale yale ambayo mtu mwenye busara angeyatazama mwenyewe: maji safi, choo cha kustahiki, nyaya za umeme zisizoning'inia, kifaa cha kuzimia moto, mlango unaofungika kwa ndani, chandarua kisichotoboka, na jiko safi ikiwa wageni watapikiwa. Tengeneza hayo kabla hajaja. Leseni ukiipata, ibandike mahali inapoonekana, na tarehe yake ya kwisha iandike katika kalenda ya ukutani. Wapo wenzetu walioihangaikia leseni mara ya kwanza, kisha wakasahau kuirudisha upya.

Ada zenyewe hatuzichapishi hapa kwa makusudi. Baraza la Wawakilishi hupitisha bajeti kila Juni, na mabadiliko ya ada na kodi kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Nambari tutakayoichapa leo yaweza kumpoteza mwanachama mwakani. Kila Julai nenda ofisi inayohusika, omba orodha iliyoandikwa, na lipa kwa stakabadhi tu. Mtu yeyote akikwambia kuna njia ya mkato, mwombe aiandike njia hiyo na kutia saini. Utaona kama ataandika.

TANO: KODI NA HESABU

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa ofisi za kodi ni mbili. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo kabla ya mwaka 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato, ndiyo inayokusanya kodi zinazohusu malipo ya malazi, pamoja na ada ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku. Kodi ya mapato, yaani ile inayotazama faida yako ya mwaka, ni jambo la Muungano, nayo hukusanywa na TRA. Kulipa huku hakumaanishi umemaliza kule.

Kabla hujamtajia mgeni bei, fanya hesabu. Tuseme kwa mfano tu kwamba chumba ni shilingi 60,000 kwa usiku, na kwa mwaka kimelaliwa usiku 40. Hizo ni shilingi 2,400,000, na mtu akisikia hivyo huruka kwa furaha. Lakini tuseme anayekuletea wageni achukua 15 kwa kila mia: shilingi 360,000 zimeondoka. Chai ya asubuhi kwa shilingi 8,000 kila usiku ni 320,000. Anayefagia na kufua, kwa shilingi 10,000 kila usiku, ni 400,000. Sabuni, maji, umeme na chandarua kipya, tuweke 200,000. Jumla ya gharama ni shilingi 1,280,000, na zinazobaki ni 1,120,000, kabla ya ada na kodi. Si haba, lakini si zile ulizozihesabu usiku ukilala. Yule asiyeiweka kodi ndani ya bei tangu mwanzo, mwisho huitoa katika mfuko wake.

SITA: DAFTARI LA WAGENI

Nunua daftari gumu la jalada. Andika jina la mgeni kama lilivyo katika pasipoti yake, nambari ya pasipoti, taifa lake, siku aliyoingia na siku aliyotoka, na mtu wa kuarifiwa ikiwa pametokea dharura. Daftari hili ndilo lililokosekana usiku ule wa homa. Ofisa wa Uhamiaji, polisi au wa kodi akija, humwonyesha na maneno yamekwisha.

Mgeni wa nje muulize pia bima yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni kutoka nchi za nje waingiao Zanzibar hutakiwa wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima Zanzibar, ambayo ilipoanza ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Ukijua karatasi yake iko wapi, siku ya maradhi utakuwa umepunguza nusu ya hangaiko.

Na mgeni asifanywe mtu wa kazi. Kuonyeshwa namna ya kuchuma na kuchambua kwa dakika chache ni matembezi; kufanyishwa kazi ya msimu kwa viza ya utalii ni kosa.

SABA: KARAFUU KWANZA

Mgeni akitaka kununua kilo mbili za karafuu kavu kutoka kwenye jamvi lako, jizuie. Ununuzi wa karafuu za mkulima ni kazi ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na adhabu za magendo hazitazami udogo wa kifurushi. Mpeleke akatazame kiwanda cha makonyo kule Wawi, Chake Chake, aone mafuta yanavyopatikana, na anunue huko kilicho halali kuuzwa.

Msimu ukiwa mkubwa, funga vyumba ikiwa huna watu wa kutosha. Mgeni aweza kuja mwezi mwengine. Karafuu iliyowiva haingoji. Wala usiwaondoe wachumaji katika banda lao la dago ili umpishe mwenye dola. Mchumaji aliyefukuzwa mwaka huu hatakuja kwako mwakani, na atawaambia wenzake.

JIHADHARI NA MKATABA MREFU

Yuko mtu mwengine anayepita mashambani siku hizi: yule asiyetaka kulala, ataka akodishiwe nyumba na shamba kwa miaka mingi, ili yeye ndiye alaze wageni. Huja na fedha mkononi na karatasi iliyoandikwa tayari kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi. Usitie saini siku hiyo. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya mwaka 1994 imeweka Bodi ya kutazama uhaulishaji na ukodishaji wa muda mrefu kabla haujawa halali, na iliwekwa ili mwenye ardhi asidhulumiwe. Anayekuharakisha uikwepe Bodi hiyo hakuharakishi kwa faida yako. Ilete karatasi ofisini kwetu, tuisome pamoja.

SI KWETU PEKE YETU

Baadhi ya wanachama wamelalamika kwamba mambo haya ni mengi, na kwamba huko kwengine mtu hukodisha chumba chake bila ya kuulizwa. Hilo si kweli. Katika Japani, kwa sheria iliyoanza Juni 2018, mwenye nyumba hujiandikisha kwanza, na hawezi kulaza wageni zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Katika mji wa New York, tangu Septemba 2023, anayekodisha kwa muda usiofika siku 30 sharti aandikishwe na mji, akae mwenyewe humo nyumbani pamoja na wageni, na wageni wasizidi wawili. Miji hiyo iliona nyumba za watu kukaa zikigeuka nyumba za wapita njia, na majirani wakahangaika. Sisi tuna nafasi ya kuanza vizuri kabla hatujafika huko.

Twajua njia tuliyoieleza ni ndefu. Mwenzetu tuliyemtaja mwanzo ameianza upya: mirathi yao imegawanywa, dada yake ameandikwa mshirika, na maombi yao ya leseni yako mezani. Vitanda vyake vimefunikwa shuka, vinangoja. Ametuambia kuwa lau angalianza kwa kumpigia simu dada yake, angaliokoa mwaka mzima na msimu mmoja wa karafuu.

Mwanachama yeyote anayefikiria jambo hili afike ofisini na karatasi zake za shamba. Tutamsaidia kujua ni mlango upi wa kubisha kwanza. Na ikiwa mlango wa kwanza ni wa ndugu yake, aende akaubishe leo, kabla chokaa haijakauka ukutani.